Kutafuta Kizazi: Sababu ni Zetu, Riziki ni ya Mola



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Wapenzi wasomaji, wiki hii tumeletewa suali na mama mmoja wa hapa Mji wa Kale. Alilipitisha kwa ahali yetu kwa kuwa aliona haya kutukabili mwenyewe. Ameolewa yapata miaka miwili na bado hajajaaliwa mtoto. Dada yake anayeishi Uingereza amempelekea kipimajoto, akamwambia ajipime kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani na aandike, ili ajue siku ambazo mimba huweza kushika. Mama mkwe alipokikuta kipimajoto hicho chini ya mto, alimwambia kuwa huko ni kuingilia kazi ya Mungu, na kwamba mwenye imani hangoji mtoto kwa kupima homa. Mama huyu anauliza mambo mawili: je, yafaa kisheria? Na je, chombo hicho husema kweli?

Kwanza tumwambie kwamba haya yake ni pambo, lakini isimzuie kuuliza. Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Ummu Sulaym (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) mbele ya watu jambo ambalo wengi wetu tungelimeza tukafa nalo. Jawabu aliyopewa tutairejea baadaye, maana inaugusa moyo wa suali hili.

Ama kuhusu sheria, jawabu ni nyepesi: yafaa, wala hapana ubaya. Kujipima joto hakubadilishi maumbile aliyoyaumba Mola, hakuingizi kitu cha haramu mwilini, wala hakumvunjii mtu sitara yake. Ni kuyatazama maumbile na kuyaandika. Mwenyezi Mungu ameyafunga mambo ya dunia na sababu zake, na kushika sababu hakupunguzi tawakkul. Sote twaijua hadithi ya yule bedui na ngamia wake, aliyeambiwa amfunge kwanza kisha ategemee.

Lakini katika mlango huu wa uzazi tuna mfano ulio karibu zaidi. Bibi Maryam (a.s.) alipofikwa na uchungu aliambiwa alitikise shina la mtende, tende zimwangukie. Sisi watu wa pwani, tuliokulia chini ya minazi, twajua kwamba shina la namna hiyo halitikisiki kwa mkono wa mwanamke mwenye uchungu. Aliyeziangusha tende ni Mola wake. Hata hivyo aliamrishwa anyooshe mkono. Huyu mama naye kipimajoto chake ni mkono alioupeleka kwenye shina.

Tuje sasa kwenye suali la pili, nalo lahitaji maelezo.

Mzunguko wa hedhi una nusu mbili. Nusu ya kwanza huanza siku ya kwanza ya damu, na ndani yake yai hukomaa katika kifuko chake. Likishakomaa hutoka na kuingia katika mrija wa uzazi. Pale lilipotoka, mwili huanza kutoa kwa wingi homoni iitwayo projesteroni, ambayo huutayarisha mfuko wa uzazi uwe tayari kumpokea mgeni. Homoni hii ina tabia moja ya ziada: hulipandisha joto la mwili kwa kiasi kidogo, baina ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selsiasi. Mwanamke aliyekuwa akipata 36.3 au 36.4 kila asubuhi, atajikuta kwenye 36.6 au 36.7, na joto hilo litabaki juu mpaka hedhi nyengine ikaribie. Likibaki juu kwa siku 18 au zaidi na damu isije, hiyo ni dalili njema ya mimba, na hapo ndipo pa kwenda kupimwa. Jambo hili si geni. Daktari Mholanzi aitwaye van de Velde aliliandika mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya babu zetu wengi kuwahi kukiona kipimajoto.

Kwa kuwa tofauti yenyewe ni ndogo hivyo, namna ya kupima ndiyo kila kitu. Kipimajoto kiwe cha kuonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, au angalau moja iliyo sahihi. Zile bastola za kupimia paji la uso tulizozizoea wakati wa Korona hazifai kwa kazi hii. Mwanamke awe amelala saa tatu mfululizo kwa uchache. Apime pale pale anapofumbua macho, kabla ya kuinuka, kabla ya kunywa maji, kabla hata ya kuzungumza. Akiweke chini ya ulimi na afunge mdomo. Na iwe saa ile ile kila siku.

Hapa wanawake wetu wamepewa wepesi ambao huenda hawajautambua. Dada aliyeko Uingereza huona Alfajiri ikisogea kwa saa kadhaa baina ya majira ya joto na ya baridi. Sisi hapa Mombasa tuko karibu na Ikweta, na wakati wa Alfajiri kwa mwaka mzima hutofautiana kwa kama nusu saa tu. Mwanamke aliyezoea kuamshwa na adhana, iwe ya Masjid Mandhry au ya msikiti wowote wa mtaani kwake, tayari ana saa isiyohitaji kutiwa ufunguo. Akiisikia adhana, aweke kipimajoto mdomoni na amwitikie muadhini kwa moyo wake. Kikimaliza, ainuke akatawadhe. Hakitamchelewesha hata rakaa mbili za sunna. Anayeamka usiku kwa tahajjud apime katika kuamka kule kwa kwanza. Na katika mwezi wa Ramadhani apime anapoamka kwa daku, kabla ya kutia chochote kinywani, na aandike kuwa saa imebadilika.

Na aandike pia mambo yanayovuruga hesabu. Usiku wa harusi aliokesha mpaka karibu na Alfajiri, safari, usingizi wa kukatikakatika, mtoto wa jamaa aliyelala naye akilia, vyote hivyo hupandisha au kushusha joto bila ya yai kuwa na habari. Homa ndiyo yenye kuvuruga zaidi. Waliougua chikungunya hapa mjini mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 wanajua joto linavyopanda siku zile. Malaria na dengi ni vivyo hivyo. Mwezi wa homa usihesabiwe.

Sasa tuufikie upungufu wa kipimajoto, maana wengi hawaambiwi, wakaja kukata tamaa. Joto hupanda baada ya yai kutoka, si kabla. Na yai huishi baina ya saa 12 na 24 tu. Basi anayengoja joto lipande ndipo amwite mumewe, ni kama msafiri aliyefika bandarini na jahazi limekwisha ng'oa nanga. Mbegu ya mwanamume ndiyo yenye kuvumilia: huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku tano. Kwa hivyo siku za kutarajiwa mimba ni kama sita katika mzunguko, yaani tano kabla ya yai kutoka na ile siku yenyewe. Kipimajoto hakiwezi kuzitabiri siku hizo kwa mwezi mmoja. Kazi yake ni kumwonyesha mwanamke, kwa miezi mitatu au minne ya kuandika, kwamba kwake yeye yai hutoka siku fulani, na kwamba hutoka kweli.

Na faida hii si ndogo. Wengi wamesikia kuwa yai hutoka siku ya 14, wakalishikilia neno hilo kana kwamba ni nassi. Ukweli ni kwamba nusu ya pili ya mzunguko ndiyo isiyobadilika sana. Huwa kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake litatoka karibu na siku ya 14. Lakini mwenye mzunguko wa siku 33 litatoka karibu na siku ya 19, na mwenye siku 24 karibu na siku ya 10. Mke na mume wanaweza kukaa mwaka mzima wakikutana siku zisizokuwa, hasa ikiwa mume anafanya kazi ya usiku Kilindini, au ni baharia, au yuko Ghuba na huja kwa likizo. Nyumba za namna hiyo ni nyingi katika mji wetu, na huenda lawama inayobebeshwa tumbo la mwanamke ni ya ratiba ya kazi tu.

Ipo alama nyengine inayotangulia, nayo ni ute. Siku chache kabla ya yai kutoka, ute wa mwanamke huwa mwingi, mwepesi, wenye kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Hizo ndizo siku za mume kuwa nyumbani. Mwenye kuuchunguza ute na kuliandika joto kwa pamoja ana mashahidi wawili: mmoja humwambia kuwa yai laja, wa pili kuwa limekwisha toka. Na kutoka kwa ute huo hakulazimishi josho. Mwenye kutaka kusali atatawadha.

Huenda msomaji akaona mambo haya ni mageni kwa wanawake wetu. Sivyo. Yeyote aliyekaa chini ya mwalimu na kusoma Safinatun Najaa amekutana na mlango wa hedhi: uchache wake usiku na mchana, ghalibu yake siku sita au saba, na wingi wake siku kumi na tano. Bibi zetu waliyahifadhi hayo kabla ya kujua kuandika majina yao. Walijua kuitenganisha hedhi na istihadha, kuitambua twahara kwa weupe wake, na kuhesabu eda siku kwa siku, kwa kuwa swala, saumu na ndoa za watu zilisimama juu ya hesabu hiyo. Mwanamke wa Kiislamu amekuwa na daftari la mwili wake siku zote, ijapokuwa daftari lenyewe lilikuwa kifuani. Kipimajoto kimeongeza mstari mmoja tu.

Wasomaji wetu, lau tungekomea hapa tungekuwa tumejibu tulivyoulizwa. Lakini kuna jambo linalotukaa rohoni, na suali hili limelichimbua.

Zaidi ya miaka 20 iliyopita walitujia mke na mume. Mume ndiye aliyesema: mke wangu hazai. Tulimsomea yule mke, tukamwandikia dua, tukamuusia subira na istighfari. Yote tuliyoyasema tulimwambia yeye. Yule mwanamume, aliyekaa pembeni akisikiliza, hatukumuuliza hata neno moja. Hatukumwambia akapimwe. Haikutupitikia. Baada ya muda mama yake mzazi alishika shauri, na talaka ikatoka. Yule mwanamke alikaa eda yake, akaolewa Malindi, na haukupita muda tukaletewa habari kuwa amejifungua. Mwanamume naye alioa wa pili, kisha wa tatu, na nyumba yake haikusikia kilio cha mtoto. Alipokuwa mtu mzima alikuja kwetu siku moja baada ya swala ya Laasiri, akauliza kwa upole: mbona siku ile hamkuniambia nikapimwe? Hatukuwa na jawabu.

Hatukuwa na jawabu, na ilhali jawabu tulikuwa nayo vitabuni. Ummu Sulaym alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mwanamke aotaye usingizini, alibainishiwa kwamba mwanamke naye ana maji yake, na kwamba kufanana kwa mtoto na mama yake kunatokana na hayo. Mtoto ni wa wawili. Ikiwa kupatikana kwake ni kwa wawili, basi kukosekana kwake vilevile ni jambo la wawili. Madaktari nao wanasema kuwa karibu nusu ya watu wanaotatizika kupata mtoto, upande wa mwanamume una sehemu yake, peke yake au pamoja na wa mke. Na wenye mtihani huu si wachache: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja katika kila watu wazima sita duniani hukutana nao katika maisha yake.

Kwa hivyo tunamwambia mume wa mama huyu, na kila mume anayesoma safu hii: daftari la joto haliwezi kukusemea wewe. Laweza kuonyesha kuwa yai la mkeo hutoka kila mwezi bila ya kosa, na bado mimba isishike. Kipimo cha mbegu za mwanamume ni chepesi, hakina kisu wala sindano, na ndicho kinachostahiki kutangulia kabla mke hajapitishwa kwenye vipimo vizito vya mirija. Wengine hukikimbia kwa kuona kuwa namna ya kuitoa mbegu ni haramu. Ondoeni wasiwasi. Mume na atolewe mbegu kwa mkono wa mkewe, nyumbani kwao, katika sitara yao. Hilo ni halali. Ajizuie na tendo la ndoa siku mbili mpaka saba kabla yake, apewe chombo safi na maabara, na akifikishe ndani ya saa moja, akikikinga na baridi kwa kukiweka karibu na mwili. Kutoka Kibokoni au Kuze mpaka maabara za mjini, hata kwa tuktuk katika msongamano, saa moja yatosha.

Twamuusia vilevile kwamba daftari hilo lisiwe fimbo. Tumeona nyumba ambazo mume huulizwa kila jioni kama mtu aliyeitwa kortini, na nyumba ambazo mke hulaumiwa asubuhi kwa kuwa joto limeshuka. Mwenyezi Mungu ameijaalia ndoa iwe utulivu, mapenzi na huruma. Kinachoyaondoa matatu hayo, hata kikiwa na nia njema, kimekosa njia. Mume na ashike kalamu yeye mwenyewe, mke apime na yeye aandike, na kazi iwe ya wawili. Ikiwa daftari limeanza kuleta machozi, liwekwe kando mwezi mmoja. Kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha bila ya hesabu yoyote.

Wala lisiandikwe milele. Ikiwa mke hajafika miaka 35 na mwaka mmoja umepita wakiwa pamoja, waende wote wawili kwa daktari. Akiwa amevuka umri huo, miezi sita yatosha. Mwenye hedhi isiyokuwa na mpango, au maumivu makali, au aliyewahi kuugua tumboni chini, asingoje. Huyu mama amekwisha fikisha miaka miwili. Basi achukue daftari lake, kama ameandika hata miezi mitatu, na waende nalo wakiwa wawili. Amtafute daktari wa kike kwanza, na asipopatikana mwenye ujuzi huo, haja inaruhusu kutibiwa na mwanamume kwa kiasi cha haja, mumewe akiwepo.

Kwa mama mkwe tunasema kwa heshima zote: mama, wewe ni mlango wa pepo ya mwanao, na tamaa yako ya mjukuu ni halali yako. Mtoto wa mwenzio hakushindana na Mola wake. Anaomba kama alivyoomba Nabii Zakariya (a.s.), aliyekuwa mzee wa mvi na mkewe ni tasa, wala hakuona aibu kuomba. Muombee naye. Ukimkuta asubuhi yu kimya na kipimajoto mdomoni, mgojee amalize ndipo umsalimie.

Na ikiwa baada ya yote Mola atahukumu vyengine, katika Surat Shura ametwambia kuwa humpa amtakaye mabinti, na amtakaye wavulana, na wengine wote wawili, na humfanya amtakaye asizae. Kisha akajisifu kwa ujuzi na uwezo, wala hakumtaja asiyezaa kwa lawama. Bi Aisha (r.a.) hakujaaliwa mtoto. Mtume (s.a.w.) alimpa kuniya ya Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake. Hakuna Mwislamu aliyewahi kusema kuwa nyumba ile ilikuwa na upungufu, na sisi sote twamwita mama.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amruzuku muulizaji huyu na wote wenye haja kama yake kizazi chema, na atusamehe sisi kwa tuliyoyanyamazia siku ile.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.